Mrija wa Felisiani

Shule ya Wasichana,
Kasulu.
15 Oktoba 1978

Kaka yangu Felisiani,

Leo ni Jumapili, na kabla ya kushika kalamu nimejiwekea nadhiri kwamba nitakueleza yote, hata yale yanayoniaibisha mimi mwenyewe.

Kwanza salamu ya kwetu, Mwakeye. Nyumbani Kitahana wote ni wazima. Mama goti limepungua kuuma. Ng'ombe mweupe amezaa. Baba ameng'oa mibuni minne iliyozeeka na kupanda mingine, na anasema hiyo mipya utaivuna wewe. Huku shuleni nimekuwa wa tatu katika mtihani wa muhula, na Sista ameniambia niache kuandika sentensi ndefu. Kuhusu dawa ya meno na sabuni, afadhali nisikueleze.

Sasa jambo lenyewe. Barua yako ya Agosti niliipokea hapa shuleni, nikaenda nayo nyumbani likizo fupi. Unajua wazee walivyokuwa wakikusubiri. Tangu yule mhandisi aliyepima barabara ya Kibondo akuchukue kwenda kusoma Leeds ni miaka minne, na Krismasi hii ndiyo tuliyoambiwa utarudi. Mama alikuwa ameshaweka kando jogoo. Wakakaa wote wawili mlangoni, nikaanza kuwasomea.

Nikasoma kwamba masomo ya upimaji umemaliza. Nikasoma kwamba hutakuja, kwa sababu umetumwa kuhubiri Injili kwa miaka miwili huko Uskoti, na kwamba kwa muda wote huo sheria hairuhusu kurudi nyumbani. Mama alilia kidogo. Baba akasema, "Kumbe Mungu alikuwa anamtaka. Basi ni frateri."

Kaka, mstari uliofuata ndio uliotaja jina la kanisa lako, kwamba ni lile la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo watu huwaita Wamormoni, na kwamba ulibatizwa humo tangu mwaka wa sabini na sita. Niliutazama uso wa Baba, nikauruka. Nikaruka na ule wa pombe, na wa kahawa, na ule kwamba mtu mweusi hakuruhusiwa kupewa ukuhani humo mpaka Juni mwaka huu. Nikasoma salamu za mwisho, nikakunja karatasi.

Sikusema uongo hata neno moja. Lakini jioni ileile Baba alikwenda kwa katekista Ildefonsi, na kufikia Jumapili kijiji kizima kilijua kwamba mtoto wa Bazilio anasomea upadri Ulaya. Mimi nilipewa mkono wa pongezi kama wengine.

Nifanye nini? Na pia nataka kukuuliza kwa ajili yangu mwenyewe: ulikaaje miaka miwili katika nyumba ambayo ilikuwa ikikuambia ukae nyuma?

Mdogo wako,
Theodosia

*

Dundee, Uskoti.
13 Novemba 1978

Mdogo wangu Theodosia,

Barua yako imefika leo Jumatatu, siku yetu ya kufua nguo na kuandika barua, kwa hiyo nakujibu mashati yakiwa bado yanachuruzika. Hayakauki huku. Tunayatandika juu ya kiti karibu na moto mpaka yanukie moshi kama nguo za Mama.

Nashukuru kwa habari za goti na za ng'ombe. Hongera kwa kuwa wa tatu. Sentensi zako mimi naona ziko sawa. Nimesikia kwenye redio kwamba vita vimeingia Kagera. Niandikie kama malori ya jeshi yanapita Kibondo, na kama kuna aliyechukuliwa kijijini.

Unataka kujua maisha yangu. Tunatembea wawili wawili, wala mmoja haruhusiwi kumwacha mwenzake. Mwenzangu ni kijana wa Kimarekani, mtoto wa mkulima wa viazi, mwenye miaka kumi na tisa. Kwa cheo chetu tunaitana Mzee: yeye ni Mzee Larsen, mimi ni Mzee Felisiani. Mwambie Mama acheke. Mzee huyu hakujua kuosha sufuria mpaka nilipomfundisha. Asubuhi tunasoma, halafu tunabisha hodi milangoni hadi jioni. Milango mingi hufunguliwa kiasi cha kupitisha pua. Wengine wakiniona mimi huita watoto waje watazame. Mtu mmoja aliniuliza nimetoka mbali kiasi gani kuja kumwambia habari za Yesu, wakati babu yake ndiye aliyekwenda Afrika kutuambia sisi. Nilimjibu kwamba nimeleta majibu ya barua. Akacheka, akafunga mlango.

Kuhusu Baba. Sikukasirikii, maana hata mimi miaka miwili niliandika barua nyumbani bila kutaja ubatizo wangu. Wewe umeruka mistari, mimi niliruka miaka. Lakini nikimaliza, Septemba ya mwaka wa themanini, nataka kurudi nyumbani. Sitaki mlango ninaofunguliwa uwe ulifunguliwa kwa ajili ya mtu mwingine, huyo frateri. Msomee yote kabla ya Krismasi. Usipunguze kitu kwa ajili ya kunisaidia.

Swali lako lile jingine nimelisoma. Viazi vinaungua.

Kaka yako,
Felisiani

*

Dundee, Uskoti.
25 Desemba 1978

Mdogo wangu Theodosia,

Heri ya Krismasi. Sijapata barua tangu ile ya Oktoba, nadhani ni vita. Nakuandikia vivyo hivyo, kwa kuwa leo siwezi kukaa bila kuzungumza na mtu wa nyumbani.

Theluji imeanguka tangu juzi. Watoto wanaifurahia. Mimi naiona kama unga uliomwagwa na mtu asiyejua njaa. Asubuhi tulisali, tukaimba watu kumi na wanane katika ukumbi wa kukodi wenye baridi. Larsen alipata kifurushi kutoka kwao: soksi, peremende na mkanda wa kaseti wenye sauti ya mama yake. Aliusikiliza mara tatu akiwa amenipa kisogo. Baadaye akanigawia nusu ya soksi, yaani jozi mbili kati ya nne, akasema tuseme zimetoka Kitahana.

Mchana tulikwenda kumsalimu bibi mmoja mjane anayeishi peke yake. Alikuwa ametuandalia chai, na vikombe vizuri vya arusi yake. Ilinibidi nimwambie kwamba sheria ya imani yetu haituruhusu chai wala kahawa. Uso wake ulivunjika. Nilimwona Baba katika uso ule, Theodosia. Nilitamani nipokee kikombe. Larsen akauliza kama tunaweza kupata maji ya moto. Bibi akamwaga chai yote, yake pia, akatujazia maji ya moto sote watatu katika vile vikombe vya arusi, akatia sukari. Tukanywa pamoja. Tuliongea mpaka giza likaingia, ambalo huku huingia saa kumi.

Nikirudi nitakikosea chungu cha Baba, kile cha pombe ya ndizi tunachonywa pamoja kwa mirija. Nimelifikiri jambo hili njiani, siku zote. Sioni njia.

Sasa nijibu lile swali, maana sufuria leo haiko motoni. Nilikaaje? Sina jibu zuri. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma, nikiwatazama vijana wadogo kuliko mimi wakigawa mkate, na hasira yangu na imani yangu zilikaa benchi moja. Mara nyingi nilisimama niondoke. Lakini nilipokuwa peke yangu nikisali, nilisikilizwa, na hilo sikuweza kujidanganya kwamba halikutokea. Juni walipotangaza kwamba kizuizi kimeondolewa, wenzangu walilia kwa furaha. Mimi nilikwenda kutembea. Kama Baba ataona nilikuwa mpumbavu, ana haki ya kuona hivyo. Msomee na hili.

Mama alipika nini? Nani alikaa mahali pangu?

Kaka yako,
Felisiani

*

Kitahana, Kibondo.
27 Desemba 1978

Kaka yangu Felisiani,

Natumaini baridi haijakudhuru. Sisi tu wazima. Mvua ni nzuri, maharage yametoa maua. Malori ya jeshi hupita barabara kuu karibu kila siku, na Tharsisi wa jirani amejiunga na mgambo. Sukari hakuna, mafuta ya taa kwa foleni.

Niliifikisha barua yako nyumbani tarehe kumi. Siku kumi na sita nilikuwa nayo kwenye sanduku chini ya sketi za shule. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi kulikuwa na wageni, au Baba alikuwa akiimba.

Siku ya Krismasi tulikwenda parokia. Baada ya misa padri alisoma matangazo, halafu akasema tumwombee kijana wetu Felisiani, anayetumikia mbali, ili Mungu amfikishe kwenye altare. Watu wakageuka kututazama. Baba alisimama, ameshika kofia kifuani kwa mikono miwili. Kaka, sijawahi kumwona Baba mrefu namna ile. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Nyumbani chungu kilikuwa tayari. Unakumbuka utaratibu: ndizi siku tano shimoni, kukamua kwa nyasi, halafu kabla ya kutia unga wa mtama Baba anachota mutobe, ile juisi tamu ya ndizi ambayo haijachachuka, na kuuweka kwenye kichungu cha Mzee Khatibu wa dukani, kwa kuwa dini yake hairuhusu pombe. Alikuja kama kila mwaka, na kanzu yake iliyopigwa pasi, na utani wao ukawa uleule.

"Bazilio, mwaka huu tena umenitenga kama mwenye surua."

"Nimekutenga na dhambi, bwana, si na mimi."

Halafu Baba akashusha mirija yetu ukutani, wa kila mmoja, ile aliyotukatia bondeni siku ya kipaimara. Wako pia. Miaka yote minne huutia chunguni pamoja na mingine. Hakuna anayeunywea. Jioni Mama huuosha kwa maji ya moto na kuurudisha kwenye msumari wake. Safari hii Baba aliushika akawaambia wageni kwamba mwenye mrija huu siku moja atabariki chungu chenyewe. Nikatoka nje nikajifanya naangalia ndama.

Jana asubuhi, tulipokuwa tukianua mikeka ya kahawa mvua isije, nilimwambia Baba kwamba kuna mistari sikuisoma. Akakaa juu ya gunia. Mama akaja na ungo wake. Nikawasomea barua zote mbili, ya Agosti na ya Novemba, tangu juu hadi chini, na sauti ilinikatika mara mbili tu.

Baba aliniambia nirudie pale pa kahawa na pombe. Nikarudia.

"Kahawa hata mimi siinywi," akasema. "Nalima tu. Hiyo hainisumbui." Kisha akauliza, "Haya umeyajua lini?"

"Tangu Septemba, Baba."

"Kwa hiyo jana kanisani ulikaa pembeni yangu ukijua."

Nikasema ndiyo. Hakunipiga wala hakupandisha sauti. Mama alianza kusema kitu kuhusu utoto wangu, Baba akainua kiganja. Mvua ikaanza kunyesha juu ya kahawa na hakuna aliyeinuka. Mwishowe alisema maneno ambayo nayaandika kama yalivyo, kwa sababu niliahidi:

"Mtoto wa mtu hunywa chungu cha baba yake. Mgeni ndiye huwekewa chake. Sasa huyu akija, nimpokee kama nani?"

Hakungoja jibu. Aliingia ndani, akashusha mrija wako, akaufungia ndani ya koti lake kuukuu, akatoka. Aliporudi hakuwa nao. Mama hajui uko wapi. Msumari uko mtupu, na kila mtu akiingia anauangalia.

Nimetimiza ulilonituma. Sijisikii vizuri.

Mdogo wako,
Theodosia

*

Shule ya Wasichana,
Kasulu.
18 Februari 1979

Kaka yangu Felisiani,

Natumaini barua hii itakukuta una soksi kavu. Mimi ni mzima. Nimeanza kidato cha tatu na nimechaguliwa kutunza maktaba, yaani kabati moja na ufunguo wake. Mama anakusalimu sana. Tharsisi ameandika kutoka mstari wa mbele kwamba yu hai.

Barua yako ya Krismasi ilifika wiki tatu zilizopita. Lakini kwanza nikueleze yaliyotangulia, maana sikuwahi kukuandikia nilipotoka nyumbani. Nilikuwa naogopa kuyaandika vibaya.

Jumapili iliyofuata Krismasi, Baba alivaa koti lake, akatutangulia njiani. Kabla ya baraka, katekista Ildefonsi aliposimama kwa matangazo, Baba alimwomba nafasi. Padri akamruhusu kwa kichwa. Baba akasema, kwa Kiha, kwamba alikuwa amewapa habari isiyo sahihi. Mwanawe si frateri. Anahubiri kanisa jingine huko Ulaya, la Wamormoni, kwa hiari yake mwenyewe, naye kama baba amejua wiki hii tu. Halafu akasema:

"Lakini zile sala mlizomwombea Krismasi, naomba msizirudishe."

Mzee mmoja nyuma akacheka, na wengine wakacheka, si kwa ubaya. Padri naye alitabasamu akiangalia chini. Njiani wapo waliosema Bazilio amepoteza mtoto. Wapo waliompa mkono. Hakuwajibu hawa wala hao. Kwangu hakusema kwamba haya ni kwa sababu ya ukimya wangu, wala hakusema kwamba si kwa sababu hiyo.

Jumatatu yake alirudi kwenye darasa la elimu ya watu wazima, lile aliloliacha mwaka juzi wakati wa kuchuma kahawa. Anakaa na kina mama wa kijiji, goti juu, ubao mapajani. Mama alimwuliza anatafuta nini huko na mvi zake. Alijibu kwamba anataka siku moja asome barua ya mwanawe bila mtu kumchagulia mistari. Mama ndiye aliyenisimulia. Nililia, kaka, na sikuona kwamba nimeonewa.

Kwa hiyo barua yako ya Krismasi ilipofika sikwenda kuisimulia, wala sikuandika muhtasari. Mzee Khatibu hupita hapa Kasulu kila mwisho wa mwezi kufuata bidhaa kwa ndugu yake Abdalah. Nilimpa barua yenyewe katika bahasha yake, nikamwambia ampe Baba mkononi.

Jana amerudi, safari hii kabla ya mwisho wa mwezi. Aliniita getini, akakaa kwenye jiwe akipepea kofia yake, akanieleza kwa taratibu zake, na mimi nampa nafasi kwa sababu ukimharakisha husahau. Anasema Baba alikaa na barua ile siku nne. Aliipitia kwa kidole, neno kwa neno, akitamka kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Mahali pa benchi la nyuma alisimama, akarudia mara nyingi, halafu akasema tu, "Alikuwa peke yake." Mahali pa yule bibi mjane aliyemwaga chai yake mwenyewe, aliikunja barua akatoka nje, na siku ile hakuendelea tena.

Siku Mzee Khatibu alipokwenda kuaga, alimkuta Baba bondeni kwenye matete. Walirudi nyumbani pamoja. Hapo ndipo alipoona.

"Msumari wa kaka yako bado mtupu," akaniambia. "Ila kuna msumari mpya ukutani, upande wangu, juu ya kile kichungu changu. Mrija wa Felisiani upo pale."

Nikamwambia basi Baba ameamua kumhesabu kaka kuwa mgeni. Nadhani uchungu wangu ulisikika.

"Ngoja kwanza, mtoto wangu, nyinyi wasomi mna haraka," akasema. "Mirija pale iko mitatu. Mmoja ni wangu, miaka kumi na moja nanywa peke yangu kama mwenye surua. Mmoja ni wa kaka yako. Wa tatu ni mbichi, umekatwa juzi, nao una urefu wa ule anaonywea baba yako. Sikumwuliza baba yako ni wa nani. Mimi ni mfanyabiashara, najua kuhesabu walio katika nyumba."

Kisha akatoa kanzuni kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa mara nne. Ni mwandiko wa Baba. Ndiyo mara ya kwanza kuuona maishani mwangu. Herufi ni kubwa na zimeegemeana kama watu waliochoka, na penseli imetoboa karatasi mahali pawili. Nimeiweka ndani ya barua hii uione mwenyewe, sitaki kuwa kati tena. Ina maneno matatu, na ni yale ambayo nayarudia hapa chini kwa sababu posta ni mbali na karatasi ni nyembamba.

Mzee Khatibu atapita tena mwishoni mwa Machi. Kabla ya hapo nataka jibu lako liwe mkononi mwangu, limefungwa, la kupelekwa Kitahana bila mimi kulisoma. Andika kwa herufi kubwa, za kutengana, ili aweze mwenyewe.

Baba anauliza, nami nauliza pamoja naye: mutobe je, unakunywa?

Mdogo wako,
Theodosia